Nusu Kikombe kwa Wapima Barabara

Kijana mwenye kibendera chekundu alitusimamisha tukiwa karibu kuingia Katesh. Tulikuwa tumetoka Dongobesh asubuhi, mimi nikienda kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yangu, nimevaa vizuri, kitenge kimepigwa pasi, na vumbi lote la wilaya mbili limeniona mimi tu. Barabara hiyo sasa inawekwa lami. Unakwenda kidogo unasimama, unakwenda kidogo unasimama. Abiria wenzangu walikuwa wanafurahi, wanasema mwakani tutakuwa tunateleza tu. Mimi sikufurahi. Mimi na barabara hii tuna maneno yetu ya zamani.

Nikatoa kichwa dirishani nipate hewa, na hapo ndipo nilipoona chungu za kifusi pembeni. Kifusi cheupe kinachoelekea kijivu, chenye chembechembe zinazometa jua likizipiga. Wewe ungepita hapo ungeona udongo tu, ndugu yangu. Mimi niliona ukuta wa jiko la bibi yangu.

"Mdogo wangu," nikamwita yule kijana, "hiki kifusi mnakitoa wapi?"

"Shikamoo mama. Kinatoka huko juu, kwenye kilima cha Chumvini. Kile kisicho na watu."

Kisicho na watu! Nilijikuta nimeshuka na mfuko wangu, dereva ananiita, mimi siitiki. Kipaimara kikaniponyoka hivyo hivyo. Nikatafuta bodaboda inipandishe. Lakini kabla sijakupandisha na wewe, kaa kwanza nikusimulie hicho kilima kisicho na watu kilivyokuwa.

Chumvini iko katikati ya nchi ya juu na nchi ya chini. Ukipanda unakwenda Dongobesh, kwenye baridi, kwenye vitunguu saumu na ngano. Ukiteremka unakwenda Dirma na ziwa Balangida, kwenye joto, kwa wafugaji na chumvi. Watu wa chini walikwangua chumvi ziwani wakaipandisha kwa punda. Watu wa juu waliteremsha mahindi, maharage na vitunguu. Wote walipumzika kwetu, kwa sababu hapo ndipo mwinuko unapoisha na magoti yanapogoma. Njia ile hakuna aliyeipima. Punda waliichagua wenyewe tangu enzi za babu wa babu zetu, na punda, mtu amcheke anavyotaka, hapandi kilima kwa ujinga.

Utaniuliza kulikuwa na nini huko. Maduka machache ya sabuni na mafuta ya taa. Mashine ya kusaga iliyokohoa kutwa nzima hadi ukizoea huisikii tena. Godauni la vitunguu saumu lililotoa harufu mpaka kanisani, padri akija kusomesha misa anapiga chafya kabla ya Injili. Shule, na mwalimu aliyeletwa kutoka upande wa Tanga, aliyevaa sweta mbili na kutuuliza kila asubuhi kama sisi tuna damu au maji ya mtungi. Na mnada, siku ambayo ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu na watu walikuwa na kelele kuliko ng'ombe. Basi. Kwa aliyepita na gari hakukuwa na kitu, lakini hakuna aliyepita na gari, na kwa aliyepanda kwa miguu tangu alfajiri palikuwa mjini.

Nyumba ya kwanza ukimaliza kupanda ilikuwa ya bibi yangu, mama wa baba. Alikuwa mjane, na mafiga yake ndiyo yaliyotulea. Alipika makande usiku mzima kwa moto mdogo, ikifika asubuhi maharage yamepasuka na mahindi yamelainika, anayamwagia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa moshi. Chai yake ilikuwa nzito ya maziwa, na ndani ya kila sufuria alitupa kipande cha tangawizi alichokiponda kwa jiwe. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kupuliza moto na kuwafunga punda wa wageni mbali na viazi vyetu. Hadi leo nikisikia punda analia, naangalia kwanza viazi viko wapi.

Na kiangazi kikifika tulipaka ukuta. Udongo mweupe tuliuchimba nyuma ya nyumba, kwenye ubavu wa kilima. Tuliupepeta kwa mikono, tukauchanganya na kinyesi kibichi cha ng'ombe na majivu, tukaukanda hadi ukawa laini. Bibi alipaka juu, mimi nilipaka chini kimo changu kilipoishia. Alisawazisha kwa kiganja, na ukuta ukikauka ungeona alama za vidole vyake, zimejipinda zote upande mmoja. Mtu aliyetoka Dirma na mzigo aliuona ukuta ule mweupe kabla hajatuona sisi. Akiuona alijua chai ipo, akaongeza mwendo.

Sasa nikuambie jambo moja, na ulishike, maana bila hilo hutaelewa kilichotuua. Kwetu mgeni unayetaka arudi humjazii kikombe. Unamwekea nusu. Nusu iliyobaki ni yake, atakuja kuinywa. Kikombe kilichojaa ni cha mtu anayeondoka moja kwa moja, kama binti siku anapotolewa nyumbani kwenda kwa mume. Au mtu usiyetaka kumwona tena. Kuna mchuuzi mmoja aliwahi kumtolea bibi maneno machafu juu ya makande yake, bibi akamjazia chai mpaka ikamwagika kwenye sahani. Yule mchuuzi alikuwa mtu wa huku huku, alielewa. Aliinywa ameinamisha kichwa na hakupita tena bila kuzunguka nyuma ya godauni.

Na posa ni hivyo hivyo. Wazee wa kijana wakija mara ya kwanza hawakubaliwi. Wanakaribishwa, wanasikilizwa, kisha wanaambiwa binti bado mdogo, hajazoea jembe. Hata kama binti ana mabega mapana na mama yake amechoka kumlisha! Wao wanaitikia, wanaondoka wanafurahi, kwa sababu wamekataliwa vizuri. Wanarudi. Wanakataliwa tena, kidogo. Wakirudi tena ndipo mnakaa. Anayesema ndiyo siku ya kwanza, watu wanaanza kujiuliza binti yake ana kasoro gani.

Basi, mwaka mmoja mvua za masika zilipokwisha, wapima barabara wakaja.

Walikuja na Landrova iliyopanda njia ya punda ikipiga kelele kama inachinjwa. Sisi watoto tuliikimbilia wote. Walishusha chombo chenye miguu mitatu, wakachungulia, wakapigiana ishara za mikono, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu kichwani, kimoja karibu kabisa na ukuta wa bibi. Kila mtu alijua maana yake. Inakuja barabara kubwa ya kuunganisha Mbulu na Hanang, na inapita hapa. Bibi aliizunguka ile rangi nyekundu akiwa amefunga mikono kifuani, anajizuia kucheka. Alianza siku hiyo hiyo kusema habari za jiko la pili na mabenchi, na bati badala ya nyasi. "Watu wa magari nao wanakula," aliniambia. "Au wao hawana tumbo?"

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mkubwa wa wapimaji alikuwa mwanaume mpole mwenye kofia pana, mgeni wa mkoa mwingine, aliyewaamkia wazee wote shikamoo kwa zamu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata wa kumchukia sina. Alisema ziko njia mbili. Hii ya kwetu ni fupi lakini ina mwinuko. Ya pili inapita mbali, kule tambarare, ni ndefu lakini kazi yake ni nyepesi. "Kwa hiyo wazee wangu," akasema, "nauliza waziwazi. Mnaitaka ipite hapa, au mna pingamizi?"

Wazee waliomba nafasi, wakaenda nyuma ya darasa. Walirudi wamekunja nyuso, lakini macho yanacheka. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mdogo wa marehemu babu yangu, mimi mwenyewe nilimwita babu, alisimama na fimbo yake akasema maneno ambayo kila mwanamke pale aliyajua kwa moyo.

"Wageni wetu, tumewasikia. Lakini kijiji chetu bado kidogo. Hakijazoea kelele. Ng'ombe wana njia yao, watoto wanacheza ovyo, na mashamba yako karibu. Kwa leo hatuwezi kusema ndiyo. Nendeni salama."

Bibi alinibana mkono kwa furaha. Wanawake walijifunika midomo kwa khanga. Tumeposwa, jamani! Tumeposwa na serikali, na mwenyekiti amekataa vizuri ajabu.

Aliyesimama ni mwalimu peke yake, sweta zake mbili zimemkaba shingo. "Mwenyekiti, nakuomba, waambie ndiyo leo leo. Hawa hawaji mara mbili."

"Mwalimu, tulia," mwenyekiti akamjibu kwa lugha ya kwetu, halafu akamtafsiria kwa Kiswahili ili wote wacheke. "Ninyi huko kwenu mnaozesha kwa barua. Haraka haraka haina baraka."

"Na chelewa chelewa utakuta mwana si wako," mwalimu akasema.

Ala! Watu walicheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka, nilikuwa mtoto, nacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Mwalimu akakaa.

Wapimaji walipita kwa bibi kabla ya kuondoka. Aliwatolea vikombe vyake vizuri vya maua, akawawekea maziwa. Nusu. Aliwawekea kwa mikono miwili, kwa adabu yote aliyokuwa nayo. Yule mkubwa akatazama ndani ya kikombe, akamtazama mwenzake. "Bibi, maziwa ni ya shida huku?" akauliza.

"Mengine mtayakuta," bibi akasema, na akacheka kwa raha.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu na ile Landrova wakati wanapanda. Jioni alikuja jikoni kumwambia bibi alichosikia: yule mpimaji mdogo amesema watu wa hapa hawatutaki, hata maziwa wanapima. Bibi alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua hata kichwa. "Wataelewa wakirudi," alisema.

Subira yavuta heri, si ndivyo wasemavyo? Tulisubiri, ndugu yangu. Bibi alipaka ukuta kabla hata kiangazi hakijafika. Alinunua kondoo dume, akamfuga kwa ajili ya siku ile ya pili, akampa mabaki ya makande hadi mkia wake ukawa mzito na akitembea unayumba. Tuliambiwa tulinde vigingi, mbuzi wasivikwaruze, kwa sababu mposaji akirudi akakuta zawadi zake zimetupwa atasema nini? Nilikaa kwenye kigingi cha bibi masaa mazima na fimbo, nikiona fahari. Gari lolote likinguruma huko bondeni, bibi alisuuza vikombe vya maua akavipanga.

Mchwa wakaanza kula vigingi kwa chini. Tulivisimamisha kwa mawe.

Kisha tukaanza kusikia mngurumo kule tambarare. Wazee walisema wanaanzia chini, watapanda. Mngurumo ukaendelea kiangazi chote, na vumbi likasimama mbali, halisogei kuja kwetu. Mwisho mwenyekiti alivaa koti lake la kanisani, akateremka Katesh kuuliza. Aliporudi alipita mbele ya nyumba yetu bila kusalimia, akafika kwenye mti wa mbele, akageuka, akarudi akakaa kwenye gogo. Bibi alimpa chai. Hakuigusa.

"Wamesema tulikataa," akasema.

"Tulikataaje, shemeji, wakati tulikuwa tunakubali?"

"Wamesema tulikataa kwa heshima sana. Wanatushukuru."

Bibi akatema mate motoni. "Posa gani hiyo ya kuja mara moja? Hata mwizi wa kuku hurudi!" Akanifokea mimi kwamba moto unazimika, nao ulikuwa unawaka vizuri.

Baada ya hapo kijiji kilichacha. Wazee walioshauriana nyuma ya darasa, kila mmoja akasema yeye alitaka kukubali, ni wenzake. Walimchukia mwenyekiti, lakini waliyemchukia zaidi ni mwalimu, kwa sababu alisema kweli mbele ya watu. Akipita, mazungumzo yanakufa. Uhamisho wake ulipokuja aliondoka asubuhi mapema na begi lake juu ya punda, na ni bibi tu aliyetoka kumuaga.

Wa kwanza kuhama kwa hiari yake alikuwa jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Hakuwa na hila, alifuata wateja. Kule tambarare, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila miiba, vibanda vilikuwa vimeota, watu wanauza vitunguu saumu kwenye madirisha ya magari. Siku mashine iliponyamaza ndipo tulipogundua tulikuwa tunaisikia miaka yote. Bibi alisema kondoo achinjwe. Nyama ya wageni ikaliwa na wanaoondoka. Mafuta ya mkia yalijaza sufuria nzima, na hakuna aliyesifia. Kisha bibi akachukua kikombe cha maua, akakijaza chai hadi ukingoni, akampa jirani. Yule mwanaume mzima, mwenye ndevu, alikishika kwa mikono miwili akalia. Mimi nililia kwa sababu yeye analia. Bibi hakulia, ila siku ile alivunja sahani kwa hasira na sahani hiyo haikuwa na kosa.

Njia nayo ikafa. Usidhani njia inakufa kwa kukosa watu tu. Barabara ile iliinuliwa juu ya tuta, ikachimbiwa mitaro mikubwa pande zote mbili, na pale ilipokatiza njia ya chumvi hakuna aliyefikiria punda. Punda mwenye mzigo hapandi tuta la namna ile. Waliojaribu, mizigo iliviringika hadi mtaroni, chumvi ikayeyuka kwenye tope. Baadaye malori yakaanza kuchukua chumvi, na mnada ukahamia barabarani. Majani yakafunika njia kuanzia chini, yakapanda taratibu kuja kwetu. Wale waliopanga magari yapite wapi waliona kila kitu kwenye chombo chao cha miguu mitatu. Sisi hatukuonekana. Nalisema hili bila adabu, na unisamehe.

Bibi aliendelea kupika. Sufuria dogo, halafu dogo zaidi. Aliendelea kupaka ukuta kila kiangazi, na mimi nikiwa nimekua sasa, nafika juu kuliko yeye. Nilimwambia bibi, tuache, nani ataona? Alinitazama hadi nikachukua udongo. Barabara hakutaka kuiona wala kuisikia ikitajwa. Watu wakisema wanakwenda barabarani, yeye alisema, "Barabara ipi? Njia si hii hapa?"

Aliiona siku moja tu. Alikuwa ameshikwa na homa ya mapafu, vijana wakambeba kwa kitanda kuteremka naye, mimi natembea pembeni na chupa ya uji. Tulipofika kwenye tuta wakatua kusubiri gari la kumfikisha hospitali. Magari yalipita, yakatumwagia vumbi, hayasimami, maana si kituo. Bibi akainuka kwa kiwiko, akaitazama barabara kushoto, akaitazama kulia.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Nyembamba," akasema, akalala tena.

Alipona, akarudi Chumvini, akaishi hadi mavuno mengine. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na shimo tulilochimbia udongo wa ukuta. Nilikuwa nimeshapata kazi Babati, na kwa kweli baada ya mazishi sikuwa na cha kunirudisha Chumvini mara kwa mara ila mwenyekiti. Alikuwa amebaki yeye na mke wake, halafu yeye peke yake. Wengine wote walishateremka.

Sasa panda na mimi. Bodaboda ilipita njia pana mpya, imekatwa na greda kutoka barabarani hadi juu, imenyooka. Nilicheka peke yangu na kijana wa bodaboda akadhani naongea na simu. Kumbe inawezekana! Kumbe mwinuko ule si kitu! Matipa yalikuwa yanashuka yamejaa, yanapanda matupu, bila shida yoyote, kwenye kilima ambacho tuliambiwa ni kigumu.

Kilima hakipo. Ubavu wake umeliwa, na katapila lilikuwa linaendelea kukwangua. Jiko la bibi halipo, nyumba haipo, mahali pa kuwafunga punda hapapo. Wameacha kaburi. Naomba uelewe vizuri, wamelizungushia kamba ya plastiki na wameacha kipande cha ardhi, na pande tatu ni shimo. Limesimama pale na msalaba wake, halina pa kwenda. Njia ya chumvi inakuja kutoka Dongobesh kwenye majani, inafika ukingoni, inakatika.

Mwenyekiti alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, upande uliobaki, anayatazama matipa. Macho yake yana ukungu sasa. Nikamsalimu, "Shikamoo babu." Akaitambua sauti.

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunigombeza."

"Nani aliwaruhusu, babu?"

"Mimi." Hakusita hata kidogo. "Walikuja vijana wawili, wana adabu. Wakaniambia mzee, tunahitaji kifusi cha barabara, tunaomba hiki kilima, una pingamizi? Nikasema ndiyo, chukueni. Walikuwa hawajamaliza kuuliza. Nikawaambia chukueni chote. Nikawapa maziwa nikajaza vikombe, wasije wakasema tena kwamba mzee huyu anapima."

"Ukajaza?"

"Mpaka vikamwagika."

Nilikuwa nimepanda na maneno, ndugu yangu, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yaliisha. Waliowekewa nusu hawakurudi, na waliojaziwa wanarudi kila siku na matipa. Huyu mzee alijifunza somo lake kwa maisha yake yote, na alipopata nafasi ya kulitumia, swali lilikuwa limebadilika. Nilikasirika kwa ajili yake, nikamkasirikia yeye, nikaikasirikia ile heshima yetu nzuri iliyotufikisha hapa, na bado ninaipenda.

"Basi mama yako mkubwa amepata barabara," alisema. Alikuwa anamwita bibi hivyo akiongea na mimi. "Yumo ndani yake. Ukuta wake wote uko kule chini, wanaumwagia lami. Kila gari litapita kwake."

Hakuwa anatania. Alijaribu kunifariji, na hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama faraja ile.

Jua likaanza kushuka, bodaboda ikapiga honi, kijana hataki kuteremka gizani. Mwenyekiti akasema siwezi kuondoka bila chai. Alipapasa hadi kwenye birika, akatoa kikombe, na nilikijua, kilikuwa kimoja cha vile vya maua, kimemeguka mdomo upande mmoja. Akaanza kumimina. Nilisubiri aache pale katikati. Hakuacha. Chai ikapanda, ikafika ukingoni, ikatiririka kwenye vidole vyake.

"Babu," nikasema, "nusu inatosha. Nusu nyingine nitakuja kuinywa."

Akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu. Nyuma yake katapila lilikuwa linakwangua.

"Kunywa yote, mjukuu wangu," akasema. "Utarudi wapi?"